Laptop ya Masanja Iliyokosa Sauti

Wanangu mliofungua meza za ufundi hapa Masumbwe na kule Kahama, na ninyi mlioko vyuoni mnaosubiri kufungua zenu, nawaandikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, miguu nimeinyoosha juani kwa ajili ya magoti yangu. Meza yangu nimemwachia mwanafunzi wangu Leticia. Bisibisi anazo yeye, mita anayo yeye, na stuli yangu yenye mguu mfupi amekataa kuitengeneza, eti wateja wameshaizoea. Mimi nimebaki na maneno, basi nayatoa hayo.

Nataka tuzungumze juu ya sauti. Katika matatizo yote ya kompyuta, la kukosa sauti ndilo nililolipenda kuliko mengine. Kioo kikipasuka kila mtu anakiona. Betri ikifa, imekufa. Lakini sauti ikipotea huna cha kukitazama. Mashine inawaka, picha zinatembea, mwimbaji kafungua mdomo mpaka unaona koo, na hapo mezani ni kimya. Inabidi ufikiri. Na mara nyingi inabidi umsikilize vizuri aliyeileta.

Mimi nilianza na redio, Shinyanga mjini, kwa Mzee Salehe. Alikuwa mtu wa Tabora aliyekuja zamani kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kelele za mashine zile zikamla masikio taratibu. Nilipofika kwake kujifunza, alikuwa karibu hasikii kitu, na wateja hawakujua. Akishamaliza kutengeneza redio, aliweka vidole viwili juu ya karatasi ya spika, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha anasema, "Inazungumza." Siku moja akaongeza, "Tena anazungumza mwanamke." Nikasogeza sikio. Kweli, taarifa ya habari ilikuwa inasomwa na mwanamke.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba sauti ina njia. Inatoka mahali, inapita mahali, inafika mahali. "Ng'ombe akipotea," aliniambia, "hukimbii porini kote unapiga kelele. Unakwenda pale alipoonekana mara ya mwisho, unafuata kwato." Ndivyo nilivyofanya kwenye redio, baadaye kwenye deki za kaseti, baadaye kwenye simu, na mwishowe kwenye kompyuta. Vyombo vilibadilika, mimi nikaendelea kufuata kwato.

Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, niliijua nikiwa tayari bibi mwenye wajukuu. Shule moja ya wasichana huku kwetu ilipewa kompyuta za zamani, na sista aliyezisimamia, Sista Bernadeta, aliziwekea Linux kwa sababu zilikuwa dhaifu na Linux haihitaji mashine yenye nguvu sana. Aliniita nikatazame spika. Nikamwambia ukweli.

"Sista, mtambo huu mimi siufahamu."

"Hata mimi sikuufahamu, Mama Shija. Vuta kiti."

Nikavuta kiti. Akanionyesha lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo vijana wengi wanaliogopa kana kwamba litawauma. Ukiandika humo alsamixer, zinatokea nguzo zimesimama kama mabua ya mtama, kila moja ni mlango wa sauti. Chini ya kila nguzo kuna kiboksi. Kikiwa na herufi MM, mlango huo umefungwa. Bonyeza M, zinakuja sifuri mbili, umefunguka. Sista alinieleza kwa Kiingereza, nikasahau. Akarudia, nikasahau tena. Mwishowe nikatafuta njia yangu. Nikamwambia, "MM ni mama mkwe. Mama mkwe akiingia uani, mkwe wa Kisukuma anainamisha kichwa na kunyamaza. Sifuri mbili ni midomo iliyofunguka mama mkwe akishaondoka."

Sista alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake akaiandika ubaoni. Wako wauguzi leo katika mikoa hii, wanawake wazima waliosoma shule ile, ambao laptop ikinyamaza wanaulizana kama mama mkwe yumo ndani.

Kwa hiyo mkiletewa laptop ya Linux isiyo na sauti, anzeni na mambo ya aibu, yale ambayo fundi anaona haya kuyajaribu. Ongeza sauti kwa vitufe vyake. Fungua mipangilio, utazame sauti inaelekezwa wapi. Aliwahi kuja mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Bulyanhulu, laptop ameifunga kwenye khanga kama mtoto, ameshaiombea na hata kufunga kula kwa ajili yake. Kumbe Jumapili waliiunganisha kwenye televisheni ya kanisa kwa waya, wakachomoa, na sauti ikabaki inaelekea kwenye televisheni ambayo haipo tena. Nikachagua spika ya laptop yenyewe, nikabonyeza. Waimbaji wa soprano wote wakatoka kwa mkupuo, kuku wa mama lishe wa jirani akaruka na kumwaga maji. Mwalimu wa kwaya alikaa chini kwanza ndipo akashukuru.

Kama mipangilio iko sawa, nenda kwenye dirisha jeusi, andika aplay -l, uone kama mashine yenyewe inaitambua kadi yake ya sauti. Isipoitambua, hiyo ni safari nyingine. Ikiitambua, kamtazame mama mkwe. Kisha izime na kuiwasha upya ile huduma inayobeba sauti. Na ukiwa bado kizani, chukua flashi yenye Linux nyingine, uwashe laptop kwa hiyo flashi bila kugusa chochote cha mwenyewe kilicho ndani. Sauti ikija, ujue ugonjwa uko kwenye programu. Isipokuja, weka kibodi pembeni, chukua bisibisi.

Hayo ndiyo niliyoyafanya siku alipokuja Masanja, na ndiyo yaliyonifikisha mahali ambapo amri za kompyuta haziwezi kufika.

Masanja alikuwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu. Kijana mrefu, mabega mapana, na usoni alikuwa na madoadoa ya buluu, kama mtu aliyerushiwa wino. Ule ulikuwa ni unga wa mawe ulioingia ngozini. Baruti ilichelewa kulipuka kwenye duara lao, yaani shimo walilokuwa wanachimba yeye na wenzake, akashuka kuitazama, ikalipuka akiwa hapo. Alipona, macho hayakupona. Baadaye watu wa kusaidia wasioona walimpeleka mafunzo, wakampa laptop ya mtumba yenye Linux na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini, kwa Kiswahili, kwa sauti ya bati bati. Alijifunza nayo kuandika, kusoma vitabu, kutuma barua pepe. Kwa hiyo mwelewe: laptop yangu mimi ikikosa sauti, nakosa muziki. Yake ikikosa sauti, amepofuka mara ya pili.

Walikuja siku ya Ijumaa asubuhi, yeye na mkewe Nyamizi, kwa pikipiki ya kukodi, wakiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nyamizi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kuzungumza kwa sauti ya chini. Alimshika mumewe kiwiko, akamkalisha, akanisalimia kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, mayu."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Nikaitikia marahaba, nikawapa maji.

"Mafundi wa Geita wote wanataka kuipiga Windows," Masanja alisema. "Wanasema Linux ndiyo tatizo. Wakiipiga, kila nilichoandika kinafutika, na ile sauti yangu inakwenda nayo. Nimekataa."

"Umefanya vizuri kukataa. Sauti ilipotea lini?"

"Iliapdetiwa," akasema haraka. "Nikaiapdeti jioni, asubuhi haisemi. Ni apdeti, mama. Hakuna kingine."

Nyamizi alikuwa anatazama mikono yake.

Kisha Masanja akanieleza kwa nini walikuja mbio. Jumatatu alikuwa anatakiwa Shinyanga kwenye usaili. Shule moja yenye watoto wasioona ilikuwa inatafuta mtu wa kuwafundisha kompyuta, na walitaka mtu asiyeona, aje na mashine yake, aonyeshe anavyoitumia. "Isiposema, nitawapigia simu niwaambie siji," alisema. "Siwezi kwenda kukaa mbele ya watu na boksi lisilosema."

Alisema hivyo kwa utulivu, akiwa amegeuzia uso barabarani ambako malori yalikuwa yanapita. Mke wake akamrekebishia kola ya shati. Haikuwa imekaa vibaya.

Nikaanza. Niliamini habari ya apdeti, yaani kuiwekea programu matoleo mapya, kwa sababu hata apdeti zina ukorofi wake. Kwenye mipangilio, sauti ilikuwa inaelekezwa kwenye hedifoni, na kweli hedifoni zilikuwa zimechomekwa. Nikazivaa: kimya. Nikazichomoa: kimya. Kadi ya sauti ilitambulika. Mama mkwe hakuwepo. Nikaiwasha upya huduma ya sauti, nikaona kile kimstari kinachocheza sauti inapopita kikiwa kinacheza vizuri kabisa. Maana yake sauti ilikuwa inatoka, inatembea, na inapotea karibu kabisa na mlangoni. Nikachomeka flashi yangu, nikaiwasha laptop kwa Linux nyingine ambayo haijawahi kusikia habari za apdeti hiyo.

Kimya kilekile.

Nikakaa nikaitazama. Basi si apdeti. Nikaigeuza laptop, na hapo ndipo nilipoona kwenye kona, upande wa tundu la hedifoni, plastiki ilikuwa na ufa mpya. Ufa wa zamani huingia uchafu, unakuwa mweusi. Huu ulikuwa mweupe, na mtu alikuwa ameupitishia gundi kwa uangalifu mkubwa, kama anayeshona nguo ya harusi.

"Masanja, iliwahi kuanguka?"

"Hapana, mama."

Alijibu kabla sijamaliza kuuliza. Na mkewe hakuinua uso.

Vijana, hapa nawaomba mnisikilize. Mteja anapokuficha kitu, usimkamate. Hujakaa pale kuwa polisi. Mara nyingi anachokificha si chake, anamlinda mtu. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi, nimezika mume, nimeozesha mabinti. Najua namna watu wawili wanavyokaa wakiwa na kitu katikati yao ambacho hakuna anayetaka kukigusa. Nikasema natakiwa kuifungua mashine, itachukua muda, na kwamba chai ya jirani ni nzuri. Dereva wa pikipiki aliyewaleta, aliyekuwa anawasubiri nje, akamshika Masanja mkono, wakatoka wakakaa kwenye benchi la mama lishe, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Sikumwuliza Nyamizi kitu. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta vumbi kwenye vitufe, kimoja kimoja. Nikafika kwenye safu ya pili.

"Ni mimi," akasema.

Nikaendelea kufuta.

"Nilikuwa nafagia. Waya wa hedifoni ulikuwa unaning'inia kitandani, ufagio ukauvuta. Ikaangukia upande huu, waya ukiwa ndani. Nilipoichomoa, pini ilikuwa imekatika. Nikaitupa chooni, nikaenda kwenye duka la simu nikanunua zingine za rangi ileile." Akarudia, "Rangi ileile, mayu. Nilimnunulia asiyeona rangi ileile."

Akaanza kulia bila kutoa sauti, machozi yakidondoka kwenye khanga. Nikavuta stuli nikakaa karibu naye.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Tangu apate ajali hajanigombeza hata mara moja. Chakula kikiungua anakula. Nikichelewa sokoni ananiambia pole. Ananishukuru kwa kila kitu, mpaka kwa maji ya kuoga. Nikaona hiki ndicho kitu pekee alichonacho, na mimi ndiye nimekivunja. Akinishukuru na kwa hili, nitafanyaje?"

 Nikamshika bega. Kisha nikamwambia, "Sasa kuhusu pini. Kipande kilichokatika ulikiona?"

Akanitazama. "Nilitupa waya wote."

"Ncha yake ilikuwepo?"

Hakujua. Nikachukua tochi, nikamulika ndani ya tundu. Huko chini kabisa, palipopaswa kuwa na giza, paling'aa. Ncha ya pini ilikuwa imebaki ndani. Laptop ilikuwa inaona pini tunduni usiku na mchana, inaamini mtu amevaa hedifoni, kwa hiyo imefunga spika kwa adabu na kumpelekea sauti mtu huyo ambaye hayupo. Na zile hedifoni mpya zilikuwa zinakomea njiani, hazifiki mahali pa kugusana. Mashine ilikuwa nzima. Imedanganyika tu.

Yako mambo mawili ya kufanya hapo, na mfanye kwa mpangilio huu. La kwanza ni kuipa sauti njia nyingine kabla hujaingiza chuma kwenye tundu. Nilirudi kwenye Linux yake mwenyewe, nikaandika alsamixer, nikaenda mpaka kwenye nguzo inayoitwa Auto-Mute, ndiyo inayonyamazisha spika hedifoni zikiingia, nikaizima. Nikaenda kwenye mipangilio nikachagua spika kwa mkono, ingawa mashine ilikuwa inasisitiza kwamba hedifoni zipo. Ilikuwa imebaki kukiwasha kile kisomaji chake.

"Unajua anavyokiwasha?" nikamwuliza Nyamizi.

"Nimemwona kila siku."

"Kiwashe wewe."

Akafuta vidole kwenye khanga kwanza. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kwa woga, kama anayegusa sufuria ya moto.

Ile sauti ya bati bati ikatoka, kavu, haina tabasamu, ikasoma jina la faili lililokuwa juu ya skrini: "Somo la kwanza. Kuwakaribisha watoto."

Nje benchi likaanguka. Masanja aliingia peke yake, mikono mbele, fimbo ameiacha huko, akagonga fremu ya mlango kwa bega na hakujali. Akafuata sauti mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya laptop. Mashine ikawa inaendelea kusoma, majina ya mafaili, saa, kiasi cha betri.  Yale madoa ya buluu kwenye mashavu yalikuwa yameloa.

"Nani ameiwasha?" aliuliza mwishowe.

"Mkeo," nikasema.

Nyamizi akasimama. "Baba Limi," alimwita kwa jina la mtoto wao, "haikuwa apdeti. Niliiangusha mimi. Nilikuwa nafagia."

"Najua," Masanja akasema.

 Niliacha kuzungusha bisibisi mkononi.

"Nilikuwa nimekaa mlangoni," alisema. "Nilisikia ufagio, nikasikia waya, nikasikia ikianguka. Nikasikia ukishika mdomo. Hedifoni ulizoniletea waya wake ni laini, ule wa zamani ulikuwa na kifundo karibu na sikio la kushoto. Nilijua siku hiyohiyo."

"Ulijua?"

"Nikasema ni apdeti ili usijisikie vibaya."

Nilidhani Nyamizi atamshika mkono. Nilikuwa nimeshaandaa uso wangu wa kutazama pembeni. Lakini alichofanya ni kuvuta pumzi ndefu, na ile sauti ya chini niliyoizoea tangu asubuhi ikapotea.

"Ulijua, ukaniacha nihangaike nayo rohoni? Silali, nazunguka na gundi, wewe unajua?"

"Na wewe ukanidanganya na hedifoni za dukani. Unadhani mimi ni mtoto?"

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia."

"Tumezunguka kwa mafundi wote wa Geita, unawaambia apdeti, apdeti. Wangekuwa wameshaitengeneza, Masanja."

"Basi ningesemaje? Mke wangu ameiangusha? Mbele ya watu?"

Nikaichukua laptop taratibu, na tochi, na gundi, na kalamu ya wino, nikatoka nje nikawafungia mlango nusu. Niliweka stuli yangu juani. Mama lishe, Mama Grace, alikuwa anainua benchi lake.

"Wanagombana?" akaniuliza.

"Wanazungumza," nikamwambia.

Sasa jambo la pili, la kutoa ile ncha, nalo jifunzeni, maana mtakutana nalo sana kwa wenzetu wanaolala na simu kitandani. Usichokoe kwa sindano. Ukichokoa unaisukuma ndani zaidi na unavunja vile vyuma vidogo vya pembeni. Zima mashine, toa betri kama inatoka. Chukua mrija wa wino wa kalamu, ule mwembamba, uhakikishe unapita tunduni bila kulazimisha. Ukate mdomo wake uwe sawasawa. Weka gundi kidogo sana kwenye mdomo wa mrija, kidogo kiasi cha kichwa cha sisimizi, futa ya pembeni yote. Ingiza umenyooka, uguse ile ncha, kisha tulia. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanavuta mapema. Ukiharakisha, gundi inakatika. Ukizidisha gundi, umelifunga tundu moja kwa moja na hakuna atakayekushukuru.

Nilitulia. Jua lilikuwa mgongoni, pikipiki zilikuwa zinapita, na ndani nilikuwa nasikia sauti ya Nyamizi ikipanda, ya Masanja ikipanda juu yake. Walikuwa wameshaacha habari ya laptop. Walikuwa kwenye chakula kilichoungua, na siku aliyochelewa sokoni, na jinsi mke anavyomwongoza mume kwa kumvuta mkono wakati ameshaambiwa asimvute, na jinsi mume anavyosema asante asante kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mambo mengi, ya muda mrefu. Halafu nikamsikia Nyamizi akisema, "Sitaki asante zako. Nataka unigombeze kama zamani," na sauti yake ikakatika, na baada ya hapo sikusikia maneno tena. Nikawa natazama mrija wangu.

Nilipouvuta, uliteleza kwanza. Kisha ukaja na ile ncha mwishoni, kitu kidogo kuliko punje ya mtama, kinang'aa kama kitu cha maana. Mama Grace akaja kukitazama akasema, "Haka?" Nikamwambia haka.

Walipotoka, khanga ya Nyamizi ilikuwa imeloa begani na macho yake yamevimba, lakini alikuwa anatembea mbele. Masanja alikuwa amemwekea mkono begani, anamfuata, bila kuvutwa. Nikamvalisha hedifoni, nikawasha mashine. Akasikiliza muda mrefu, akageuza kichwa.

"Hizi mpya," akasema, "zina sauti mbaya sana, Nyamizi."

"Ndizo zilizokuwepo," mkewe akajibu. "Ukizitaka nzuri ukatafute mwenyewe."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu wafike.

Jumatatu ilipita nikiwa na kazi nyingi na moyo wangu uko Shinyanga. Jioni simu ikaita. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nikaiweka kwenye spika juu ya meza.

"Wamenichukua, mama," Masanja akasema. Akarudia neno hilo, kana kwamba naye alikuwa bado anajizoesha kulisema. Halafu akanisimulia yote. Walimwambia afungue faili, akafungua. Aandike barua, akaandika. Kisha mzee mmoja kati yao, naye haoni, akamwuliza: hawa watoto wako mashine zao zitanyamaza siku moja, ukiwa huna fundi karibu. Utaanzia wapi?

"Ukamjibuje?" nikauliza. Nilidhani atasema aplay, au mipangilio, au mama mkwe.

"Nilimwambia nitaanza kwa kuwaambia watoto kwamba hakuna atakayepigwa. Kisha nitauliza nani ameiangusha."

Nyuma yake nikasikia Nyamizi akisema kwa nguvu kwamba haikuanguka, iliteleza, na kwamba waya kuning'inia vile lilikuwa kosa la mwenye waya. Masanja akageuka kumjibu. Akamwambia fagia polepole, akaambiwa kunja nyaya zako. Walisahau kwamba niko kwenye simu. Sikuikata. Niliendelea kumenya viazi huku nawasikiliza, mpaka salio lao likaisha.